Lanny Bassham: mlenga shabaha wa chuo, afisa wa jeshi, kocha wa akili, na jamaa aliyempandisha mwenzake kwenye ngazi ya dhahabu Montreal 1976

Wakuu habari za jioni.

Ukimtajia Mtanzania wa rika la baba yangu Olimpiki ya Montreal 1976 jibu ni moja tu, Bayi hakukimbia. Tuligoma sisi na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu na bado wakaruhusiwa kushiriki, kwahiyo lile pambano la Filbert Bayi na John Walker kwenye mita 1500 ambalo dunia nzima ilikuwa inalisubiri halikuwepo, Walker akabeba dhahabu yake akaenda. Mi nimekulia kwenye hizo hadithi, kwetu Montreal ilikuwa jina la machungu. Ndo maana nimefika umri huu bila kujua kwamba kwenye michezo hiyohiyo, kwenye uwanja wa shabaha pale L'Acadie nje ya jiji, kulitokea jambo ambalo kila nikilisoma nakaa kimya kwanza.

Nilifikaje huko? Nafundisha sekondari huku Nyanda za Juu Kusini na ndo kocha wa netiboli ya wasichana. Nina wafungaji ambao mazoezini wanatumbukiza mpira kwenye pete mpaka unafurahi mwenyewe, ikifika mechi za UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, mikono inakufa. Mwaka jana mmoja alikosa mipira ya wazi kabisa akalia njia nzima kwenye basi na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole. Nikaanza kutafuta, nani duniani ameshughulika na hili tatizo la mtu kujua kitu mazoezini halafu kikampotea siku yenyewe. Nikakutana na huyu Mmarekani wa bunduki.

Nianzie mwanzo. Lanny Bassham kazaliwa Januari 1947 Comanche, Texas. Utotoni michezo ilimkataa, yaani mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kwenye besiboli alikuwa mtu wa benchi, wa mwisho kuchaguliwa. Halafu akasikia kuna mchezo wa bunduki ambao hauhitaji ukimbie wala uruke wala uwe na mwili mkubwa, unahitaji utulie, na anayetulia kuliko wote ndo anashinda. Kwa mtoto ambaye kila mchezo mwingine unamwambia hafai, hiyo ilikuwa habari njema kabisa.

Akaenda chuo, University of Texas at Arlington, akapiga bunduki timu ya chuo. Hapa nieleze kidogo maana kwetu chuo ni lekcha na bumu, michezo ni ziada. Wenzetu Marekani chuo ndo karakana ya wanamichezo, Suleiman Nyambui wetu aliyepata fedha ya mita 5000 Moscow 1980 alipitia University of Texas at El Paso na kule alikuwa bingwa wa vyuo, na bunduki nayo ni hivyohivyo, kuna timu, kuna kocha, kuna ligi, kuna vyuo vinavyojulikana kwa bunduki tu kama West Virginia na Alaska Fairbanks. Mashindano rasmi ya bunduki ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza 1980, enzi za Bassham ilikuwa bado lakini ushindani ulikuwepo mkubwa, na kitu kimoja ambacho nakipenda sana, wavulana na wasichana wanapiga mstari mmoja wanahesabiwa pamoja mpaka leo.

Baada ya chuo akaingia jeshini, kwenye kikosi cha shabaha cha jeshi la Marekani pale Fort Benning, Georgia. Kikosi hicho kilianzishwa 1956 enzi za Rais Eisenhower, na sababu ilikuwa wazi, Wasovieti walikuwa wanawachakaza Wamarekani kwenye mashindano ya kimataifa ya bunduki na ule ulikuwa wakati wa vita baridi, hakuna aliyetaka kuonekana hajui kulenga. Kwahiyo kazi ya askari pale ni kupiga shabaha, kushindana na kufundisha askari wengine. Kwa mtu kama Bassham ni kama kupewa mshahara kwa kile ambacho angekifanya bure.

Naendelea chini, simu inaisha chaji.

Mchangiaji wa 2

Siti ya mbele mkuu. Tiririka. Ila tuelezee huo mchezo unachezwaje, sisi wengine bunduki tunaiona kwa mgambo tu.

Mwanzisha uzi

Sawa ndugu. Mchezo wake mkuu ni bunduki ndogo ya .22, shabaha iko mita 50, na unapiga kwa mikao mitatu, kulala, kusimama na kupiga goti. Enzi hizo ilikuwa risasi 40 kila mkao, jumla 120, kila risasi pointi 10 za juu kabisa, kwahiyo ukiwa mkamilifu kama malaika unapata 1200. Hicho kitovu cha 10 ni kidogo kuliko sarafu. Sasa weka mita 50 kati yako na sarafu, simama bila kuegemea kitu, bunduki nzito mkononi, upepo unapita, na moyo wako wenyewe kila ukidunda unausogeza mtutu. Wanavaa majaketi mazito magumu na glavu ili mapigo ya damu yasifike kwenye bunduki. Na siyo risasi moja, ni 120, siku nzima, na kila moja inaandikwa, hakuna sehemu ya kujificha kama kwenye mpira ambapo ukizembea beki mwenzako anakuokoa.

Mchangiaji wa 3

Nathibitisha mkuu, nimepita JKT na baadaye nikatumikia miaka kadhaa. Kwenye renji afande anakwambia vuta pumzi, toa nusu, shika, bana triga taratibu kama unakamua ndimu, bunduki ikushtukize yenyewe. Ukiisubiri mlio ushakosa. Mi risasi zangu za kwanza zote zilienda kwenye mchanga, siyo kwamba sikujua cha kufanya, nilikuwa nawaza afande atasemaje nikikosa. Wale wanaopiga 120 hivyo mi nawapa heshima zote.

Mwanzisha uzi

Afande asante sana, umegusa palepale panapouma, "nilikuwa nawaza atasemaje nikikosa". Shika hilo neno.

Munich 1972. Bassham ana miaka 25, tayari ni kati ya wapigaji wakali duniani, wengi wanampa nafasi ya dhahabu na yeye mwenyewe anaitaka. Akaanza mashindano akili iko kwenye medali badala ya kuwa kwenye risasi, presha ikampanda, pointi zikaanza kuvuja kidogo kidogo. Akamaliza na 1157. Mmarekani mwenzake Jack Writer akapiga 1166, rekodi ya dunia, akachukua dhahabu. Bassham fedha.

Sasa mtu mwingine angefurahi, fedha ya Olimpiki wakuu, sisi Tanzania tumepata mbili tu tangu tuanze kushiriki, zote Moscow. Lakini yeye alirudi nyumbani anajua kitu ambacho watu wengine hawakukiona kwenye ile medali, kwamba hakuzidiwa uwezo wa kulenga, alizidiwa kichwani. Mwili ulijua. Akaanza kutafuta mtu wa kumfundisha namna ya kuendesha akili chini ya presha na hakumpata wa kumtosheleza. Ndipo akafanya kitu cha akili sana kwa maoni yangu, akawafuata watu waliokuwa na dhahabu za Olimpiki akawa anawahoji, mmoja baada ya mwingine, ulikuwa unawaza nini, ulifanya nini kabla, ulifanya nini ulipokosea.

Hebu fikiria, afisa wa jeshi mwenye fedha ya Olimpiki anazunguka na maswali kama mwanafunzi. Angeweza kukaa tu akajipa sababu, upepo, bunduki, bahati. Hakufanya hivyo.

Alichokikuta nitakisema kwa Kiswahili changu. Aligawa mtu katika sehemu tatu. Ya kwanza ni akili inayowaza sasa hivi, hiyo ina nafasi ya wazo moja tu kwa wakati, ukiiweka kwenye kufanya haiwezi kuwa kwenye hofu. Ya pili ni ule ustadi ulioingia mwilini kwa mazoezi mpaka unafanya bila kufikiri, kama mama anavyosonga ugali huku anaongea na jirani. Ya tatu ni picha uliyonayo juu yako mwenyewe, unajiona mtu wa namna gani. Hii ya tatu ndo ilinigonga, maana anasema mtu hucheza vile anavyojiona, akivuka juu ya hapo anashtuka anajirudisha chini mwenyewe, na zote tatu zinatakiwa zilingane, moja ikikua zaidi ya nyingine unayumba.

Mchangiaji wa 4

Mkuu naomba nipingane kwa heshima. Haya ya "jione mshindi utakuwa mshindi" tumeshayasikia sana, watu wanajaza ukumbi wanatoza viingilio, kesho yake maisha yaleyale. Tofauti yake ni ipi?

Mwanzisha uzi

Swali zuri kaka na mimi nilikuwa na wasiwasi huohuo. Tofauti ni jasho. Huyu hakuwaza tu, alifanya mazoezi makavu, yaani unashika bunduki bila risasi, unajiweka kwenye mkao, unalenga alama ndogo ukutani sebuleni kwako, unabana triga, unaangalia mtutu ulitikisika au la, unarudia. Saa nyingi, usiku baada ya kazi. Kuna kipindi baada ya Montreal jeshi lilimhamishia mahali ambapo renji iko mbali, nafasi ya kupiga risasi za kweli ikawa siku za kuhesabika, na bado kwa haya mazoezi ya sebuleni akalinda nafasi yake timu ya taifa akaenda kushindana kwenye mashindano ya dunia ya 1978 kule Seoul akarudi na medali. Sasa hapo huwezi kusema ni maneno matupu, ni kazi, ila inafanyika kimya na haionekani.

Kuna kisa chake kingine amekisimulia mwenyewe. Alitaka kupiga 400 kati ya 400 kwenye kupiga goti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Kila siku akawa anapiga picha kichwani, kumi za kwanza zimeingia, za pili, za tatu, halafu kumi za mwisho akawa anaziona moja moja, na akajitungia na sauti ya kumwambia pale atakapogundua kwamba yuko karibu na rekodi: poa tu, hii mi naifanya kila siku. Akarudia hivyo muda mrefu. Siku ya siku kweli akafika kwenye kumi za mwisho hajakosa hata moja, moyo ukaanza kukimbia, na ile sauti ikaja yenyewe kama alivyoizoesha. Akamaliza 400.

Ona kwamba hakujiambia "mimi ni bora kuliko wote". Alijiandaa kwa ile sekunde ya kushtuka. Hiyo ndo tofauti na hao wa ukumbini.

Sasa Montreal.

Julai 1976, Bassham ana miaka 29, kapteni wa jeshi. Kwenye mstari huohuo kuna Mmarekani mwenzake Margaret Murdock, mama wa mtoto mmoja, miaka 33, kutoka Topeka, Kansas. Huyu dada naye alianzia chuo, Kansas State, naye akapita jeshini kwenye kikosi kilekile cha Fort Benning. Alikuwa ameshawashinda wanaume kitambo. Kwenye michezo ya Pan American 1967 kule Winnipeg alipiga 391 kwa mkao wa goti na ikawa juu ya rekodi ya dunia ya wanaume. 1970 Phoenix akawa bingwa wa dunia kwa mkao wa kusimama, mkao mgumu kuliko yote, na alikuwa mjamzito wa miezi minne. Nasema tena, mjamzito wa miezi minne, amesimama na bunduki, kawazidi wanaume wote.

Risasi 120 zikaisha. Ubao ukaonyesha Murdock kaongoza kwa pointi moja. Watu wanajua mwanamke kashinda dhahabu. Baadaye shabaha zikakaguliwa upya ikaonekana kuna kosa la uandishi kwenye matokeo ya Bassham, wote wawili wana 1162. Wa tatu Werner Seibold wa Ujerumani Magharibi 1160. Kanuni zikasema dhahabu haigawanywi, ikaangaliwa nani ana seti nyingi za risasi kumi zilizotoa 100 kamili, Bassham tatu, Murdock mbili. Dhahabu ikahamia kwa Bassham.

Jamaa akawaomba waandaaji watoe dhahabu mbili. Wakakataa.

Ukafika wakati wa medali. Yeye juu katikati, dada kwenye ngazi ya chini na fedha yake shingoni. Wimbo wa taifa wao ukaanza, Bassham akainama akamshika mkono akamvuta juu, wakasimama wawili kwenye ngazi moja mpaka wimbo ukaisha. Alipoulizwa alisema kwa maana hii, haoni kwa nini mwenzake asimame chini yake wimbo ukiwa unapigwa.

Wengi wanaisimulia kama uungwana wa dakika moja. Mi naona kuna zaidi. Huyu miaka minne kabla alisimama kwenye ile ngazi ya fedha, tena pembeni yake kasimama Mmarekani mwenzake na dhahabu. Alikuwa anajua pale chini kunavyohisi. Na miaka minne yote alikuwa amejifundisha kuangalia jinsi risasi ilivyopigwa kuliko namba iliyoandikwa, kwahiyo alipoangalia pembeni hakuona namba mbili na namba moja, aliona mtu aliyepiga risasi 120 sawasawa na zake. Hiyo ndo hoja yangu kwenye huu uzi mzima.

Mchangiaji wa 5

Nimesoma mpaka machozi. Swali: kwa nini mwanamke alikuwa anashindana na wanaume? Na baada ya hapo Margaret alipata dhahabu?

Mwanzisha uzi

Dada asante. Wakati ule bunduki ilikuwa wazi kwa wote, wanawake wa kwanza kushiriki shabaha ya Olimpiki walikuwa Mexico 1968. Mashindano ya wanawake peke yao yalianza Los Angeles 1984. Kwahiyo Murdock ndo mwanamke wa kwanza kupata medali ya Olimpiki kwenye shabaha, na aliipata kwa kushindana na kila mtu. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata, ile ilikuwa nafasi yake. Kazi yake ikawa uuguzi, muuguzi wa nusu kaputi, kazi nyingine ya kutulia wakati wengine wanatetemeka.

Mchangiaji wa 3

Na ukocha wake mkuu? Kichwa cha uzi umesema kocha.

Mwanzisha uzi

Kweli afande nilitaka kusahau, na ndo sehemu ndefu kuliko zote kwenye maisha yake. Baada ya dhahabu alianzisha kampuni ya kufundisha hicho alichokigundua, tangu miaka ya 70 mwishoni, na mpaka uzeeni bado ni kazi ya familia, watoto wake wameingia humohumo. Alianza na wapiga bunduki, wakaja wapiga mishale, wacheza gofu, wanajeshi na walinzi, mpaka warembo wa mashindano ya urembo wanaokwenda jukwaani miguu inatetemeka. Mmoja wa wanafunzi wake ni mcheza gofu Ben Crane. Huyu mwaka 2010 alishinda mashindano makubwa kule Torrey Pines, California, akaingiza mpira wa mwisho shimoni na hakujua kwamba kashinda, ikabidi aambiwe. Kutwa nzima hakuangalia ubao. Mtu amezama kwenye kazi mpaka ubingwa unamkuta hana habari.

Wapo wanaobeba dhahabu wakabaki kuisimulia. Yeye alichukua ile fedha ya Munich, siku yake mbaya, akaifanya somo la maisha na kuwagawia watu ambao hawajawahi hata kushika bunduki. Kwangu mimi ukocha huu ni mkubwa kuliko ile dhahabu yenyewe, atakayepinga tuongee.

Mchangiaji wa 2

Mkuu rudi na mrejesho wa hao mabinti wa netiboli.

Mwanzisha uzi

Mrejesho wakuu, samahani kwa kuchelewa, tulikuwa kwenye kusahihisha mitihani.

Nimeanza nao mazoezi makavu. Kila jioni dakika kumi bila mpira, wanasimama chini ya pete, wanapumua, mikono inapanda, kidole cha mwisho kinaachia, macho kwenye pete, wanarudia. Siku za kwanza walicheka sana, wakapita wavulana nao wakacheka. Sasa wanakuja wenyewe kabla sijapuliza filimbi. Nimewakataza pia kuhesabu magoli katikati ya mechi, anayehesabu ni mimi na daftari langu.

Ijumaa tulicheza na shule ya jirani. Yule binti aliyelia kwenye basi mpira wa kwanza uligonga chuma ukatoka nje. Nikamuona anataka kugeuka kuniangalia, halafu akaacha, akarudi hatua moja, akapumua, wa pili ukaingia. Hakushangilia, alirudi mahali pake akasubiri mwingine.

Baada ya mechi tukakaa chini ya mti nikawasimulia Montreal nikawaonyesha picha kwenye simu, watu wawili kwenye ngazi ya juu na ile ngazi ya pili iko tupu. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Binti akaikuza picha kwa vidole akaangalia medali, akaniuliza, "Mwalimu, kwahiyo ya huyu dada ni ya fedha?" Nikamwambia ndiyo. Akaangalia tena muda mrefu, akampa mwenzake simu.